Akina Baba wa Mbalamwezi

Ukifika Ujiji ukauliza Yunisi Eliakimu anakaa wapi, utaangaliwa tu. Uliza Mama Ustawi, na mtoto wa darasa la pili atakushika mkono akupeleke mpaka mlangoni. Ndivyo alivyozoeleka yule dada mwembamba wa kutoka Kalinzi, anayetembea kama mtu aliyeacha sufuria motoni. Yeye ni afisa ustawi wa jamii. Kwa asiyejua, kazi hiyo ni kuingia kwenye nyumba ambamo mambo yameharibika, mtoto kapigwa au bibi katelekezwa, na kutafuta njia yatengemae bila nyumba yenyewe kubomoka.

Kwao ni milimani, kwenye kahawa. Baba yake alikuwa mtu wa kujaribu vitu. Mstari huu wa mibuni aliutia samadi, mstari ule hakuutia, na msimu ukiisha aliwaita watoto wake waje waone kwa macho yao upi umezaa. Yunisi alikua akidhani kila mkulima anafanya hivyo. Alipokwenda chuo na kusikia neno utafiti, alishangaa kuona wenzake wanaliogopa.

Sasa sogea karibu nikusimulie habari ya mwaka jana, maana ndiyo iliyonifanya nimpende mtu huyu.

Mwezi wa Januari Yunisi aliitwa mjini Kigoma kwenye mafunzo ya siku tatu. Mtafiti mmoja mpole, Gasper, aliwaeleza maofisa habari za familia nyingi ambazo yeye na wenzake walizifuatilia huko mikoa mingine. Zilikuwa familia ambazo mzazi aliwahi kumpiga mtoto mpaka akamuumiza. Wazazi wa kundi moja walipewa semina. Walikaa kwenye viti, wakafundishwa haki za mtoto, wakapiga makofi, wakaenda zao. Wazazi wa kundi la pili walikutana mara nane, na kila walipokutana walifanya mazoezi. Mmoja anakuwa mtoto, mwingine mzazi. Wanaigiza jambo lililoharibika, na yule mzazi anajaribu kulimaliza bila fimbo. Akikosea anarudia. Kisha anakwenda kujaribu nyumbani, na anaporudi anasema ilikuwaje. Mwaka ulipopita, watoto wa kundi la pili walikuwa wakipigwa kwa nadra sana.

"Na wale wa semina?" Yunisi aliuliza.

"Walikuwa sawasawa na watu ambao hatukuwafanyia chochote," Gasper alijibu.

Yunisi alitoka pale akipiga hesabu. Miaka sita mizima alikuwa akitoa semina. Alikuwa na kabati la picha za semina. Mwingine angenuna, lakini yeye alipanda bodaboda kurudi Ujiji akicheka peke yake nyuma ya dereva, mwongozo wa yale mazoezi umebanwa kwapani, kama mtu aliyeambiwa mahali kisima kilipo.

Wiki tatu baadaye mwalimu alimleta ofisini mtoto anayeitwa Asia. Alikuwa na miaka kumi. Kifundo cha mkono wake wa kushoto kilikuwa kimevimba, na mgongoni alikuwa na alama za kamba. Baba yake ni Zubery, mvuvi wa dagaa aliyefiwa na mkewe, na alipoitwa hakukataa hata kidogo.

"Nimempiga mimi," alisema akitazama sakafu. "Nilirudi kutoka ziwani Jumamosi asubuhi, nikaanika, nikamwambia, Asia, mimi nalala, mvua ikija anua dagaa. Mvua imekuja, hakuanua. Naamka nakuta kazi ya usiku mzima ni uji. Nikashika kamba ya nyavu. Sasa unataka niseme nini, dada?"

Asia alihamishiwa kwa muda nyumbani kwa Recho, mwalimu mstaafu wa Mwanga, pale mjini Kigoma, anayeaminiwa na ofisi kupokea watoto. Ikapangwa kwamba mwisho wa Juni kikao cha shauri kitakaa na kuamua moja kati ya mawili: mtoto arudi kwa baba yake, au apelekwe kwenye makao ya watoto, tena nje ya mkoa, kwa sababu ya karibu yalikuwa yamejaa. Bosi wa Yunisi, bwana Wilfred, aliandika kwenye faili kwa kalamu nyekundu: Baba ahudhurie mafunzo ya malezi. Mahudhurio yake yataamua.

Basi Yunisi akaanzisha kikundi cha wazazi, akina mama Jumanne na akina baba Jumatano, saa tisa alasiri, kwenye darasa la shule ya msingi. Akina mama walijaa. Akina baba walikuwa kama mvua ya Agosti. Wiki nyingi wawili au watatu, mara nyingine mmoja na mbwa wake. Zubery aliitwa Jumatano sita, akaja mara mbili. Kwa hiyo katikati ya Aprili Yunisi alichukua faili akaandika sentensi ambayo mpaka leo ukimkumbusha anafunika uso: Baba hajaonyesha ushirikiano.

Wino haujakauka vizuri, mlango ukasukumwa. Akaingia mwanamke mnene mwenye kanga mbili na harufu ya dagaa, akavuta kiti bila kukaribishwa. Alikuwa Mwanne, mchuuzi wa pale mwaloni, ufukweni mitumbwi inapoteremshia samaki. Mjomba wake Zubery ndiye baba yake Mwanne, na wanaishi ua mmoja.

"Shikamoo, bi Mwanne," Yunisi alisema.

"Marahaba. Nimekuja kukuuliza kitu, mtoto wa milimani. Kwenu Kalinzi mnachuma kahawa wakati gani?"

"Ikiiva."

"Ikiiva. Mtu akikuita mkutanoni siku kahawa imeiva unakwenda?"

"Inategemea."

"Haitegemei. Huendi. Sasa wewe unamwita mvuvi saa tisa. Mvuvi saa tisa ni maiti. Ametoka majini asubuhi, ameuza, ameshona nyavu, amelala, na saa kumi na moja anarudi majini. Halafu unaandika kwenye makaratasi yako kwamba hataki mtoto."

"Sijaandika hivyo," Yunisi alisema, na mkono wake ukalifunika faili wenyewe.

"Umeandika. Naona unavyolikumbatia."

"Bi Mwanne, mbona mara mbili alikuja?"

Mwanne alimtazama kama anavyotazamwa mtu anayeuliza maji ya ziwa yanatoka wapi. "Si ilikuwa mbalamwezi?"

Hapa nisimame kidogo kwa ajili yako wewe usiyekaa ufukweni. Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa kwa taa. Giza likiwa zito, taa zinawaita nao wanakuja. Mwezi ukiwa mkubwa, ziwa lote linang'aa, na taa ya mvuvi haina maana. Kwa hiyo siku hizo mitumbwi inapandishwa mchangani na wanaume wanakaa nyumbani, wiki nzima na zaidi, kila mwezi. Ujiji yote inajua hili. Hakuna anayemwambia mwenzake, kwa kuwa hakuna asiyejua. Isipokuwa yule dada wa kahawa, aliyekaa nao miaka sita akihesabu Jumatano.

Yunisi alivuta rejista ya mahudhurio. Wiki ya kwanza wanaume wawili. Ya pili kumi na wanne. Kisha watatu, mmoja, wawili. Ya sita kumi na watano. Pembeni ya ile kumi na wanne alikuwa ameandika kwa penseli: pengine kwa sababu mvua haikunyesha. Akafungua kalenda ya ukutani, ile yenye vimwezi vidogo, akaweka kidole. Jumatano ya pili, mwezi mpevu. Jumatano ya sita, mwezi mpevu. Na Zubery alikuja siku hizo mbili, zote mbili, bila kukosa.

"Bi Mwanne," alisema taratibu, "huyu mtu hajakosa hata mara moja."

"Ndiyo nimetoka mwaloni kuja kukwambia."

Yunisi alisimama, akakaa, akasimama tena. Alichukua kalamu akakata ile sentensi kwa mistari miwili, akaandika tarehe na jina lake pembeni, maana katika faili la mtoto huwezi kuchana karatasi. Mwanne aliona anavyoikandamiza kalamu akadhani amemkasirisha. Haikuwa hasira. Ilikuwa furaha ya mtu aliyekuwa akisukuma mlango wa kuvuta.

Lakini utafiti ulisema vikao nane, kila wiki kimoja. Je, akiubadilisha si atakuwa ameuharibu? Siku hiyohiyo alimpigia Gasper simu, akamweleza habari za mwezi na taa, akasema anataka vikao vinne mfululizo kila mbalamwezi, miezi miwili, vitimie nane kabla ya kikao cha shauri.

"Niambie kitu gani nisiguse," alimwomba.

Gasper alifikiri. "Badilisha siku, badilisha saa, badilisha viti na mifano. Usiguse mawili. Lazima mzazi afanye zoezi mwenyewe, kwa mwili wake, mbele ya wenzake. Na lazima akajaribu na mtoto wake halisi. Tuliona vikundi vilivyoacha hayo. Vilirudi kuwa semina."

Mbalamwezi ya Mei ikaingia. Yunisi alipita mwaloni mwenyewe, akawakuta wanaume wanaziba mitumbwi, akawaalika mmoja mmoja. Siku ya kwanza wakaja kumi na tisa. Hakuamini. Alihesabu mara mbili akijifanya anapanga madawati. Zubery alikaa karibu na mlango, kofia mkononi. Siku ya pili wakaja ishirini na mmoja, wakajifunza hatua za mwongozo: simama, vuta pumzi, shuka mpaka usawa wa macho ya mtoto, sema ulichokiona, muulize, msikilize, ndipo mkubaliane la kufanya. Walizirudia kwa vidole mpaka wakazijua. Bwana Wilfred alikuja siku ya tatu kuangalia, na alipoona darasa limejaa alitabasamu mpaka fizi.

Ndipo zoezi lilipofika.

"Sasa mmoja atakuwa mtoto, mmoja baba," Yunisi alisema. "Mtoto kamwaga mafuta ya mawese. Nani anaanza?"

Mtu akakohoa. Mwingine akaanza kukagua ukucha wake.

"Luqman na Zubery, mje mbele."

"Dada, hapana," Zubery alisema. "Luqman ni nahodha wangu. Leo nimkemee kama mtoto, wiki ijayo anipe amri mtumbwini? Mtumbwi utacheka."

"Basi Erasto."

Erasto, mwanamume mrefu wa kutoka Kagunga, alionyesha kwa kidevu mzee mmoja aliyekaa dirishani. "Yule ni baba mkwe wangu. Mimi nilie kama mtoto mbele ya baba mkwe? Nirudishiwe mke?"

Darasa likacheka, na lilipomaliza kucheka likawa gumu kuliko mwanzo. Yunisi aliwajaribu wawili wawili, kila jozi na sababu yake. Huyu ni mkubwa kwa yule, huyu anamdai yule heshima, hawa hawajasalimiana tangu Ramadhani. Bwana Wilfred alimwita pembeni.

"Waache, Yunisi. Wamekuja, na hilo tu ni ushindi. Wape somo zuri, piga picha, andika ripoti. Huyo Zubery ameshahudhuria, mahudhurio ndiyo niliyoyataka mimi."

Nakwambia ukweli, alitamani kukubali. Faili lingependeza. Asia angerudi nyumbani na karatasi safi. Lakini angerudi kwa baba yuleyule, mwenye kamba ileile, aliyeongezewa tu maneno mazuri ya kusema mbele ya wakubwa. Na mvua ingenyesha tena.

"Mkuu, nipe kesho," alisema. "Kikao cha leo hakijaisha. Nikishindwa kesho, nitaandika nimeshindwa."

Wilfred alikuna shingo. "Kesho moja."

Wanaume wakatoka nje. Yunisi alibaki akifuta ubao, moyo mzito, mpaka aliposikia kicheko uani kikubwa cha kubomoa ukuta. Akachungulia. Mwanne alikuwa amekuja na beseni lake kichwani kumsubiri binamu yake waende pamoja, na sasa alikuwa ameliweka chini, amevaa kofia ya Zubery, anatembea kwa kutupa bega moja kama anavyotembea Zubery.

"Mimi ndiye Zubery," alinguruma. "Nimeshika samaki, mgebuka mkubwa kama mlango, lakini amenitoroka kwa sababu aliniona sura."

"Toa kofia yangu, mwehu wee," Zubery alisema, naye anacheka mpaka anashika magoti. "Ndiyo maana nilikukataa, nikaoa kwingine."

"Wewe unikatae mimi? Mama yako alileta kuku watatu kwetu, tukala kuku, tukakufukuza wewe."

Na wale wanaume ambao ndani walikuwa mawe, sasa walikuwa wakifuta machozi. Luqman nahodha alikuwa amekaa chini kabisa.

Yunisi alitoka mbio, kitambaa cha ubao mkononi. "Zubery, huyu anakuigiza mbele ya watu wote, na hukasiriki?"

"Nimkasirikie?" Zubery alishangaa. "Mtoto wa mjomba wangu. Mtani huyu. Nitamfanya nini? Hata msibani atanicheka."

"Anaweza kukukosoa?"

"Ndiyo kazi yake. Na akishakosoa nimnunulie soda."

Hapo Yunisi aliona kitu chote kwa mara moja. Wapo watu ambao mbele yao mwanamume wa Ujiji hawezi kuaibika: binamu yake, shemeji yake, bibi yake mzaa mama. Utani umeshafungua mlango huo zamani, kabla ya mwongozo wowote kuandikwa. Kinachotakiwa ni kuupitia.

"Kesho," aliwaambia wote, akijitahidi asipige kelele, "kila mmoja aje na mtani wake. Asiye na mtani hapa mjini aje na bibi."

Kesho yake darasa lilikuwa harusi. Walikuja mabinamu, mashemeji na mabibi. Bibi yake Luqman, mwenye miaka themanini na meno matatu, aliingia akiuliza kwa sauti, "Mume wangu yuko wapi, nimwone anavyolea?" na nahodha akajificha nyuma ya kabati. Alipoitwa mbele awe baba, bibi akawa mtoto aliyemwaga mawese, akalia kilio cha kitoto cha kweli, akagoma kunyamaza. Luqman akavuta pumzi, akachuchumaa, akasema alichokiona. Bibi akamtolea ulimi. Akarudia. Mara ya tatu bibi akasema, "Sasa umenisikiliza, naacha." Makofi yakapigwa, na hayakuwa makofi ya semina. Bwana Wilfred, kule nyuma, alisahau kupiga picha.

Kisha akaitwa Zubery. Mwanne alivua kanga ya kichwani, akajifunga kiunoni kama wasichana wadogo, akakaa juu ya dawati akining'iniza miguu. Watu wakaanza kucheka. Yunisi alisema, "Zubery, chagua jambo."

"Dagaa," alisema. "Na mvua."

Kicheko kikakatika. Kila mtu mle ndani alijua.

"Asia," Zubery alianza, na sauti yake tayari ilikuwa juu, "nilikwambia nini?"

Mwanne akauvuta mkono wa kushoto kifuani, akaushika kwa ule wa kulia. Zubery aliona ule mkono, akageuka akatazama ukuta.

"Rudia," Yunisi alisema kwa upole. "Simama kwanza."

Akarudia. Alivuta pumzi, lakini akasahau kushuka. "Uko juu kama mnara wa simu," Mwanne alimwambia. "Mimi nakuona pua tu. Shuka, mume niliyekukataa." Watu wakacheka kidogo, na Zubery naye akacheka, na kucheka kule kukamshusha. Akachuchumaa. Macho yake yakakutana na ya binamu yake.

"Asia. Nimeamka nimekuta dagaa wameloa." Alisita. Kidole chake kilikuwa kinahesabu hatua kwenye goti. "Kwa nini hukuanua?"

Mwanne alikuwa ndani ya igizo, lakini alichojibu hakukitunga. Alikijua, kwa sababu dirisha lake linaangalia ua huohuo.

"Nilikuwa nimelala, baba. Kila siku mnaporudi mimi naamka saa kumi usiku niwashe moto, nikupokee, nibebe ndoo. Halafu naenda shule. Jumamosi ile nilikaa juu ya gunia la nyavu nilinde dagaa, nikasinzia. Sikusikia mvua. Niliamka unanipiga."

Zubery alibaki amechuchumaa, kiganja juu ya mdomo. Kisha akauliza, na sasa hakuwa akimuuliza mtoto wa igizo, "Mwanne. Ni kweli?"

"Kweli tupu."

"Mbona hakuniambia?"

"Uliuliza lini?"

Nimesikia habari hii kwa watu wanne waliokuwepo. Zubery aliinuka, akafuta uso kwa kofia, akasema, "Narudia tena. Sasa najua." Akarudia toka mwanzo, na mara hii alipomaliza kusikiliza alisema, "Kosa langu kukuamsha. Nitapokewa na watu wazima wenzangu."

Vikao vinne vya mbalamwezi ya Juni havikumtosha Yunisi. Aliamka kabla ya jogoo akisubiri saa tisa ifike. Kila Jumamosi alikuwa akimpeleka Zubery nyumbani kwa mwalimu Recho, akakae na Asia, afanye na mtoto halisi alichofanya na mtani. Mara ya kwanza Asia alikaa upande wa pili wa meza na hakutaka soda. Mara ya tatu alikuja karibu, na akiwa anatazama usoni mwa baba yake, taratibu kabisa, akaisukuma glasi ya maziwa ikaanguka.

Yunisi alikuwa pembeni na daftari. Alijua anachokiona: mtoto anapima. Aliona bega la Zubery linapanda. Kisha akaona kidole cha mvuvi kinagonga goti, mara moja, mara mbili, na yule mwanamume akashuka kwenye kiti mpaka sakafuni penye maziwa.

"Asia. Nimeona glasi imeanguka. Ilikuwaje?"

"Nimeisukuma."

"Umeisukuma kwa nini?"

"Nilitaka kuona."

"Umeona nini?"

Asia alifikiri. "Hujainuka," alisema. Akaenda kuleta kitambaa, wakafuta wote wawili.

Kikao cha shauri kilikaa Jumatatu ya mwisho ya Juni, kwenye chumba cha juu cha ofisi. Walikuwepo watu watano, Wilfred katika kiti cha kati. Mjumbe mmoja, mama mwenye miwani, alikuwa amelisoma faili kweli, na alianzia mahali Yunisi alipoogopa.

"Hapa Aprili umeandika baba hana ushirikiano, halafu umekata. Tukuamini lipi?"

"Lililokatwa lilikuwa kosa langu, mama," Yunisi alijibu. Akatandika mezani rejista na ile kalenda ya vimwezi aliyoing'oa ukutani. "Nilipima Jumatano. Yeye anaishi kwa mwezi." Akaeleza. Akasema utafiti ulidai nini, yeye alibadilisha nini, na nini hakukigusa. Akasoma maelezo ya ziara saba nyumbani kwa Recho, pamoja na ile ya pili ambayo Zubery alipandisha sauti akatoka nje kujituliza. Hakuificha.

"Kwa hiyo unatuhakikishia hatapiga tena?" mama wa miwani aliuliza.

"Siwezi kumdhamini mtu mzima mwenzangu. Naweza kusema nimemwona akiwa na hasira na hakupiga, mara nne. Na naomba nimtembelee kila mbalamwezi, mwaka mzima."

Wakamwita Zubery. Alijibu kwa kifupi. Tayari alikuwa ameongea na mabaharia wenzake. Watapokeana wenyewe alfajiri, na mtoto atalala mpaka saa kumi na mbili. Mwisho wakamwita Asia, peke yake, mlango ukafungwa. Alikaa humo dakika ishirini. Zubery, nje kwenye benchi, alizihesabu tena zile hatua kwenye goti.

Alichosema Asia ni chake na cha kikao. Mlango ulipofunguliwa, Wilfred alisimama, akarekebisha koti. "Mtoto anarudi kwa baba yake. Afisa atatembelea kila mbalamwezi, mwaka mmoja. Na wewe Yunisi, uniandikie hayo mambo ya watani kwa kirefu. Wenzako wa Kagunga nao wana wavuvi, na nina wasiwasi wanawaita Jumatano."

Zubery alianza kuwashukuru mmoja mmoja kwa mkono. Asia alikuwa amesimama katikati ya ukumbi, anawatazama watu wazima hawa kana kwamba wanachelewesha jambo lililo wazi.

"Naenda leo au kesho?" aliuliza.

"Leo," Yunisi alisema.

"Nguo zangu ziko kwa mwalimu Recho."

"Tutazifuata baadaye," baba yake alisema.

Lakini alikuwa akiongea na mahali patupu. Asia alikuwa ameshafika ngazi ya tatu, anashuka mbili mbili, na Zubery ilibidi akimbie.